Amewahi Kuchunga cha Nani?

Hotuba iliyotolewa Hulugho, Kaunti ya Garissa, mbele ya wazee wa mji, wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa



Twaanza kwa kuomba radhi. Tuliahidi kufika jana asubuhi, tukafika jua likizama. Aijuaye barabara ya kuja huku hatatuuliza sababu, na asiyeijua hata tukimweleza hatasadiki. Hata hivyo kule kuchelewa kulitufaa, kwani tulilazimika kulala hapa, na usiku tukakaa na wazee kunywa chai. Tukawadokezea yale tuliyokuja kuyasema leo. Tulikuwa tumeandika hotuba Nairobi, kurasa kadhaa zilizopigwa chapa vizuri, kuhusu wagombea urais wasiotoka katika vyama vikubwa: watu wapya ambao majina yao hayajulikani, na ambao kila baada ya miaka mitano hujitokeza kuomba kura wakisema kwamba wenyeji wa madaraka wameshindwa kazi. Je, mwananchi awape kura yake? Na ni nini hasa kinachomstahilisha mtu kuongoza nchi?

Mzee mmoja alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Huyo mgeni wenu, amewahi kuchunga cha nani?"

Twakiri kwamba hatukuwa na jibu. Zile kurasa tumeziacha garini. Leo tutajaribu kumjibu yule mzee, na tukishindwa mtatusamehe.

Kwanza hilo neno "mgeni". Mjini Nairobi, mwanasiasa akisema kwamba fulani ni mgeni katika siasa, husema kwa dharau. Maana yake ni kwamba mtu huyo hakukulia karibu na Ikulu, hajawa waziri wala mbunge, hana baba aliyetawala, na chama chake hakina ofisi ila chumba kimoja cha kupanga. Hapa Hulugho twaona haya kulitamka neno hilo kwa namna hiyo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha eneo hili likawekwa chini ya hali ya hatari. Kanuni zake za kipekee zilidumu hadi 1991. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale yaliyotendwa huku kati ya 1963 na 1967. Mwaka 1989 Mkenya Msomali alitakiwa asimame mbele ya jopo athibitishe kwamba ni Mkenya, kisha apewe kadi nyingine juu ya kitambulisho alichokuwa nacho tayari. Na uchunguzi wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani waombao vitambulisho ulidumu mpaka Februari 2025, Rais alipotangaza huko Wajir kwamba umeondolewa.

Basi kama kuna Wakenya wanaojua maana ya kuambiwa "wewe si wa hapa, huwezi kuongoza", ni ninyi. Ndiyo sababu tumelileta jambo hili Hulugho, wala hatukuliacha katika kumbi za hoteli za Nairobi.

Sasa tuitazame sheria, maana ndiyo kazi iliyotusomesha.

Katiba ya zamani ilimtaka anayeomba urais awe raia, awe ametimiza miaka 35, awe mpiga kura aliyeandikishwa, adhaminiwe na chama, na ashinde pia kiti cha ubunge. Mgombea huru hakuwa na nafasi kabisa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 137, yamtaka awe raia wa kuzaliwa, awe na sifa za kugombea ubunge, apendekezwe na chama au asimame kama mgombea huru, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Sharti la miaka 35 limeondoka. Sheria ya Uchaguzi nayo imeongeza shahada ya chuo kikuu. Kijana wa Hulugho aliyeandikishwa kupiga kura, endapo atapata shahada mapema kuliko sisi tulivyoipata yetu, sheria haimzuii kwa umri.

Wapo wanaolalamika kwamba kizingiti hiki ni kifupi mno, kwamba kila mtu aruka ndani. Sisi twaona kiliwekwa kifupi kwa sababu njema. Tumeishi katika nchi ambayo kizingiti kilikuwa kirefu, na aliyekishika kipimo alikuwa ni chama kimoja. KANU ndiyo iliyoamua nani apasishwe na nani atupwe nje. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa kwanza wa Rais wa nchi hii, alizuiwa kugombea mwaka 1979 kwa sababu chama hakikumtaka. Mwaka 1988 wananchi wakapangwa foleni nyuma ya wagombea, na mara nyingine foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Mwenye kushika chujio hatachuja maovu peke yake. Atawachuja na wapinzani wake.

Hata leo chujio halijakosa lawama. Mwaka 2022 mwimbaji wa nyimbo za Injili, Reuben Kigame, ambaye haoni, aliomba kugombea urais akiwa mgombea huru. Tume ya uchaguzi ikamkatalia. Akaenda Mahakama Kuu, nayo ikaona kwamba haki zake zilikiukwa. Hata hivyo siku ya uchaguzi jina lake halikuwamo kwenye karatasi ya kura. Hatusemi kwamba angeshinda, wala hatusemi kwamba tungempigia kura. Twasema kwamba hukumu ya kumkubali au kumkataa ilikuwa yenu, mkanyimwa.

Upande wa pili wa sheria ni Sura ya Sita, ile ya uongozi na maadili. Maneno yake ni mazuri. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ilipoulizwa kama watu wawili walioshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walistahili kugombea urais na umakamu chini ya sura hiyo, ilijibu kwamba haikuwa na mamlaka ya kuamua suala la kiti cha urais. Wawili hao wakashinda. Kesi ya mmoja iliondolewa Desemba 2014, na ya mwingine ikakomeshwa Aprili 2016. Hatulikumbushi jambo hili ili kuwahukumu watu ambao mahakama haikuwatia hatiani. Twalikumbusha kwa sababu waumini wengi hutuambia, "Ninyi mawakili mchujeni huko juu, mtuletee walio safi." Ndugu zetu, hakuna chujio la namna hiyo. Hata aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, Katiba yasema hazuiwi mpaka amalize kukata rufaa zake zote. Kazi ya kupima imebaki kwa mpiga kura, na twaamini ilikusudiwa ibaki huko.

Hapo ndipo tunapokutana na lile neno linalowatisha watu: kupoteza kura. "Usimpe yule, hawezi kushinda, utapoteza kura yako." Neno hili lina historia, na wakati mmoja lilikuwa kweli.

Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kufutwa kile Kifungu cha 2A, aliyepata kura nyingi kuliko mwenzake ndiye aliyeshinda, mradi apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Rais Moi alipata kama asilimia 36. Matiba, Kibaki na Jaramogi kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60, lakini walikuwa watatu. Mwaka 1997 Moi alishinda tena kwa kama asilimia 40. Wanamageuzi tulilia, na kilio hicho kikatufundisha kwamba anayempa kura mgombea mdogo humsaidia mkubwa aliyeko madarakani. Kwa hesabu ya siku zile, hilo lilikuwa sahihi.

Lakini hebu tuwaulize wazee: mnaijua ile mikoa mitano ambamo Moi alifikisha robo mwaka 1992? Bonde la Ufa, Pwani, Mashariki, Magharibi, na huu wenu wa Kaskazini Mashariki. Ilikuwa mitano kamili, bila wa sita. Mkoa huu uliokuwa na wapiga kura wachache sana ukilinganishwa na mingine ndio uliokuwa mguu wa tano wa kiti kile. Watu walioambiwa miaka yote kwamba wao ni pembezoni, kwamba kura zao hazijazi debe, walikuwa na uwezo wa kuipeleka nchi nzima katika duru ya pili. Hakuna aliyekuja Hulugho kuwaambia. Sisi wanamageuzi wa Nairobi ndio wa kulaumiwa kwanza, kwa maana tulikuwa na ramani na hatukuisoma.

Hesabu ya leo ni nyingine. Kifungu cha 138 chamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofikisha, wawili wa kwanza hurudi katika duru ya pili ndani ya siku 30. Maana yake ni kwamba katika duru ya kwanza, kura asiyopewa anayeongoza ina uzito ule ule, uwe umempa mpinzani wake mkubwa au umempa mtu asiyejulikana. Zote zamzuia asifike nusu.

Chukueni mwaka 2022. William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, na David Mwaure Waihiga 31,987. Toeni nusu ya jumla hiyo kutoka kura za mshindi, mtaona kwamba alivuka mstari kwa kura kama elfu sabini. Wagombea wawili wadogo, wale waliochekwa nchi nzima, mmoja kwa ahadi zake za bangi na nyoka, walikuwa na kura karibu elfu tisini na nne kwa pamoja. Wagombea wa namna yao wakiongezeka kidogo tu, na wakimega kura kutoka kwa mkubwa, Wakenya wote hurudi kupanga foleni. Basi yule anayewaambia kwamba kura kwa mgombea mdogo ni kura iliyotupwa, anawasomea sheria ya 1992.

Lakini kura kuwa na uzito si sababu ya kumpa kila anayeiomba. Na hapa yatupasa tuungame.

Mwaka 2013 alijitokeza mwalimu wa shule ya sekondari, mzaliwa wa huku kaskazini, Mohamed Abduba Dida. Miezi michache kabla ya hapo ni wachache mno waliolijua jina lake. Sisi wanasheria tulicheka. Tulikuwa na mgombea wa kimo chetu, wakili mkubwa aliyepigania vyama vingi. Tulikuwa na aliyekuwa Waziri wa Sheria. Tulikuwa na profesa aliyekuwa katibu mkuu wa wizara. Ukaja ule mdahalo wa Februari, mwalimu akasimama akazungumza Kiingereza na Kiswahili cha mtu wa kawaida, kwa mzaha na kwa ukweli, na nchi ikageuka kumsikiliza. Kura zilipohesabiwa alikuwa na 52,848. Alikuwa wa tano, mbele ya wote watatu tuliowataja. Na kwa kuwa mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, ile ziada iliyomwokoa na duru ya pili ilikuwa ndogo mara kadhaa kuliko kura za mwalimu.

Baada ya hapo waliocheka wakawa wa kusifu. Makala yakaandikwa. Alionekana kuwa dawa ya nchi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2017 alisimama tena akapata 38,093. Kisha mwaka 2023 magazeti yakatuletea habari kwamba amefungwa gerezani Marekani, katika jimbo la Illinois. Hatusemi hayo kwa kumcheka, maana tuliwahi kumcheka mara moja na haikutufaa. Twasema kwa sababu tulipomdharau hatukumjua, na tulipomsifu pia hatukumjua. Katika vicheko vyote na sifa zote, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza swali la mzee wa jana. Tulimpima kwa ulimi wake: kwanza kwa jinsi lafudhi yake ilivyotuchekesha, kisha kwa jinsi maneno yake yalivyotupendeza.

Mfugaji wa hapa hamkabidhi mtu ng'ombe wake waende lambo la mbali kwa sababu mtu huyo ni msemaji hodari. Hauna haja ya kutufundisha hilo, mzee wetu. Ila twaomba turuhusiwe kukuonyesha kwamba swali lako ni la zamani kuliko sisi sote, na kwamba wote waliomo humu, wa msikitini na wa kanisani, wamelisikia tangu utotoni. Ni habari ya Yusuf.

Yusuf alikuwa mgeni kuliko mgombea yeyote tunayemjua. Hakuwa Mmisri. Aliuzwa kama mtumwa, akatupwa gerezani kwa kusingiziwa. Siku moja akatolewa, akaonya kwamba njaa inakuja, na kabla jua halijatua alikuwa msimamizi wa maghala ya nchi nzima. Watu hupenda kusimulia ile ndoto, kana kwamba alipewa kazi kwa sababu ya ndoto. Lakini tazameni alivyokuwa ameishi kabla yake. Katika nyumba ya bwana wake alishika mali isiyo yake, na haikupungua. Gerezani alikabidhiwa wafungwa wenzake awaangalie, akawaangalia. Alipofika mbele ya mfalme alikuwa na sifa mbili, kulinda na kujua, na zote mbili zilikuwa zimejaribiwa mahali padogo, tena na watu ambao wangeweza kumfukuza wakati wowote. Mzee angemuuliza, "Umewahi kuchunga cha nani?" naye angejibu kwa majina.

Nanyi ndugu wa makanisa mwakumbuka mfano wa Yothamu katika kitabu cha Waamuzi, miti ilipotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu vivyo hivyo. Mwishowe mti wa miiba ukakubali, na ukaanza kwa vitisho. Tuliposimulia mfano huu jana, wenyeji walitukosoa, na walikuwa na haki: huku mti wa miiba ndio kivuli, ndio chakula cha mbuzi, ndio ua la boma, na aliyeutunga mfano ule hakuwahi kupita njia ya Hulugho saa sita mchana. Twakubali. Lakini funzo linalotugusa sisi halimo katika mwiba. Limo katika mzeituni. Mara ngapi mwalimu mkuu mwaminifu, mkunga, mweka hazina wa kanisa ambaye vitabu vyake havijapungukiwa na shilingi, huombwa agombee, akajibu kwamba siasa ni chafu na yeye ana kazi yake? Kisha twashangaa kwamba waliobaki kugombea ni waliokosa kazi nyingine.

Hapa kwenu kuna mmoja ambaye hakukataa. Hulugho ni moja ya wadi nne za eneo bunge la Ijara, kwa hiyo mwalijua jambo hili kuliko sisi, lakini wenzenu walio mbali watakaosoma hotuba hii huenda hawalijui. Bi Sophia Abdi Noor alijaribu kugombea ubunge tangu miaka ya tisini. Aliambiwa kwamba mwanamke hawezi kuwasemea watu. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, akahesabiwa mgeni katika nyumba yake. Hakukaa kusubiri. Alifanya kazi na wanawake wa Garissa miaka mingi, akasema hadharani dhidi ya kuwakata wasichana wakati jambo hilo lilikuwa halitamkwi mbele ya wanaume, akawa mjumbe katika mkutano wa katiba wa Bomas, na mwaka 2008 akaingia Bungeni kwa kuteuliwa. Mwaka 2017 Ijara ikampigia kura, na akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge kutoka Kaskazini Mashariki yote. Mwaka 2022 ikamnyima, akatoka.

Sisi twatazama vyote viwili, kuingia na kutoka. Wapo kati yenu wanaosema alifanya vyema na wapo wasemao la. Hilo ni lenu. Lakini wazee waliosema miaka ile kwamba hastahili walikuwa wanapima kitu kisichohusu uongozi. Na Ijara ilipomchagua haikumchagua kwa sababu ni mpya. Ilikuwa inamjua kwa miaka ishirini: amemsaidia binti wa nani, amekosana na nani, na kwa sababu gani. Tukitaka kujua mgeni aliyestahili anafanana na nini, hatuna haja ya kwenda mbali.

Twajua kwamba kustahili na kushinda ni mambo mawili. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt mwaka 1977, akaizuia serikali isijenge ghorofa ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, akapigwa mwaka 1992 akiwa pamoja na mama wa wafungwa wa kisiasa. Aligombea urais mwaka 1997. Katika nchi nzima hakupata kura elfu tano. Miaka saba baadaye ulimwengu ukampa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kuna Mkenya aliyekuwa amechunga zaidi yake? Aliitunza miti ambayo hakuwa na mkataba nayo. Kura zile ni hesabu yetu sisi tuliopiga, si yake.

Na kuna mgeni aliyekubali kurudishwa nyuma ajifunze. George Weah wa Liberia, mchezaji wa mpira aliyependwa Afrika nzima, aligombea urais mwaka 2005 akashindwa na Bi Ellen Johnson Sirleaf. Walimsema kwamba hana elimu. Akarudi kusoma, akiwa mtu mzima na tajiri. Mwaka 2014 akachaguliwa seneta. Mwaka 2017 akashinda urais, na mwaka 2023 aliposhindwa akampigia simu mshindi akampongeza. Kama alitawala vizuri, Waliberia ndio waseme. Twamtaja kwa sababu ya ile miaka kumi na miwili kati ya kuomba na kupewa.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana yuko mtu anajiuliza kimya: je, hoja hii haiwi fimbo ya kuwapiga wapya, na kuwaacha wakongwe wakitamba kwa uzoefu? La hasha. Swali la mzee halisemi "amekuwa kwenye malisho miaka mingapi". Lauliza alichunga cha nani, na swali linalofuata bila kuambiwa ni kama mifugo ilirudi yote. Aliyekuwa waziri miaka ishirini amekabidhiwa mengi. Basi aulizwe mengi. Mkongwe asiyeweza kuonyesha kisima, zahanati au hesabu iliyofungwa vizuri, hana haki ya kumwita mwingine mgeni. Uzoefu wa kupoteza mali ya watu nao ni uzoefu, lakini si wa kujisifia.

Turudi kwa lililo karibu. Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, mwaka 2027. Kabla yake watakuja watu na fomu. Watataka jina lako, nambari ya kitambulisho chako, na sahihi yako, ili mgombea wao atimize wale 2,000 wa Garissa. Mgombea tajiri hukodi vijana na magari, akamaliza kazi kwa wiki. Mgombea asiye na pesa akikosa kaunti ya ishirini na nne, safari yake imeishia hapo. Wengine watawapa mia mbili kwa sahihi. Wengine wataiandika sahihi yenu wenyewe wakiwa Garissa mjini, bila kuwasumbua kuja barabara hii.

Twajua tunalolisema. Mmoja wetu, wakili kamili, mwaka ambao hatutautaja, alitia sahihi fomu ya namna hiyo kwenye maegesho ya magari, akiwa na haraka ya kuingia mahakamani. Jina la mgombea aliyemdhamini alilisoma kwenye gazeti wiki mbili baadaye. Amewahi kuwafundisha watu sheria ya uchaguzi, mtu huyo, na yumo humu, na hatamkwi jina kwa kuwa hotuba hii yeye ndiye aliyeandika nusu yake.

Sahihi si kura. Sahihi humfungulia mtu mlango ili nchi imwone. Kura humkabidhi kundi. Katika kampeni yetu tumebishana juu ya hili, na hatujakubaliana wote. Walio wengi wetu twaona kwamba mtu akileta fomu mwenyewe, au akatuma mtu anayemjua kwa kweli, akaketi chini na kujibu mliyomuuliza, atiliwe sahihi hata kama hamtampigia kura, ili asizuiwe na umaskini wake. Lakini atakayewaletea noti bila majibu, arudi na fomu yake ikiwa nyeupe. Muulizeni ni mali gani ya watu aliyowahi kushika, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa. Akitaja majina, yaandikeni. Walimu waliomo humu wana simu, na ndugu wa makanisa wana wenzao katika kila kaunti ya nchi hii; hakuna kijiji alichofanya kazi mtu ambacho hakuna padri, imamu, au mwalimu mkuu wa kumuuliza. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuja kuwaomba mwifanye, na tumechapisha karatasi ya maswali kwa Kiswahili. Ya Kisomali itafuata, tukipata wa kuitafsiri vizuri kuliko tulivyojaribu sisi.

Dereva anatuonyesha saa. Yatubidi tuwe tumevuka Masalani kabla ya giza. Lakini yule mzee wetu wa jana ameketi hapa mstari wa mbele, na amenyoosha mkono tangu tulipomtaja Weah. Mpeni kipaza sauti.